Chura mwenye tumbo tupu: kumchagua na kumrekebisha kwa uvuvi wa besi

Oktoba ya kwanza niliyovua katika ziwa Guntersville, kaskazini mwa Alabama, samaki saba walimrukia chura wangu, chambo cha plastiki, asubuhi moja, na sikumtoa majini hata mmoja. Kila mara ilikuwa vilevile: mkeka wa magugu unapasuka, maji yanaruka juu kama kuna aliyerusha jiwe kutoka chini, navuta fimbo kwa nguvu zote, na chura ananirudia peke yake, kavaa majani. Jioni nilimweka juu ya meza ya jikoni, nikachukua kisu nikampasua kutoka puani hadi mkiani nione amejengwaje.

Ndani hamkuwa na mengi. Ngozi ya plastiki laini, nene mgongoni na nyembamba kidogo ubavuni. Tumbo tupu, lenye maji ya ziwa kama kijiko kimoja. Ndoano moja yenye ncha mbili, ambayo shina lake limepita katikati ya mwili na kutokea puani, pale uzi unapofungwa. Na chini ya mkia, chubwi ndogo, yaani kizito, iliyoshikiliwa na shina hilohilo. Basi. Lakini nilipobonyeza mgongo wake kwa kidole gumba niliona kilichonitoa mikono mitupu: plastiki ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilinibidi nikaze mpaka ukucha ugeuke mweupe ndipo ncha za ndoano zichomoze. Samaki anayeuma kupitia magugu hapati nafasi ya kukaza hivyo. Anafunga mdomo mara moja, na kama hakuna kilichomchoma, anatema.

Tangu siku hiyo nimepasua, nimechemsha, nimekata na kugundisha vyura wengi, na watu wananiuliza maswali yaleyale: ninunue yupi, nikate miguu au nisikate, nikunje ndoano au niiache? Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni ya mkato, kata inchi moja, kunja kidogo, na yanapingana kwa sababu hayaelezi kinachotokea ndani ya kile kipande cha plastiki. Nitajaribu kukieleza.

Kazi mbili zinazopingana

Chura huyu ametengenezwa kwa ajili ya besi mdomo-mkubwa, samaki mla nyama wa maji yasiyo na chumvi, mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Ndoano zake mbili zinatoka chini ya mkia, zinapinda kuja juu, moja kila upande, na ncha zake zinalala mgongoni zikielekea mbele, zimegusana na ngozi. Kwa kuwa zimejificha mgongoni, chura anaweza kuburutwa juu ya magugu, juu ya majani ya yungiyungi, hata juu ya gogo, bila kunasa. Samaki anapombana, tumbo linabonyea kwa kuwa halina kitu ndani, mgongo unashuka, na ncha zinabaki wazi mdomoni mwake.

Kwa hiyo kifaa kimoja kimepewa kazi mbili ambazo hazipatani. Cha kwanza, kisinase majani. Cha pili, kinase samaki. Kila kinachosaidia ya kwanza kinaidhuru ya pili. Ngozi ngumu hulinda ncha dhidi ya majani, lakini hulinda samaki pia dhidi ya ncha. Ndoano iliyopanuliwa hunasa midomo mingi zaidi, na majani mengi zaidi. Mtengenezaji amechagua mahali fulani kati ya hizo mbili, akimfikiria mvuvi wa kawaida kwenye maji ya kawaida. Wewe unaporekebisha unamsogeza chura upande mmoja, na upande wa pili utalipa. Swali la kujiuliza kabla ya kushika mkasi ni hili: mimi ninapoteza wapi? Kwenye majani au kwenye mdomo wa samaki?

Historia yenyewe inaonyesha tatizo lipi lilitangulia. Mwaka 1957, huko Ohio, Harry Ehlers alianza kutengeneza chambo hizi na kampuni yake ikaitwa Snag Proof, yaani kisichonasa. Wavuvi wa wakati ule walikuwa wanaona besi wakubwa wakijificha mahali ambapo hakuna ndoano iliyoweza kupita, na jambo la kwanza lililohitaji kutatuliwa lilikuwa kupita. Kumnasa samaki vizuri kulikuja baadaye, taratibu, kupitia plastiki laini zaidi na ndoano bora zaidi.

Chini ya mkeka

Ukitaka kuelewa kwa nini kupita kulikuwa muhimu hivyo, itazame Guntersville yenyewe. Ni bwawa kwenye mto Tennessee, lililokamilika mwaka 1939 chini ya TVA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mabwawa ya mto huo. Lina ukubwa wa kama hekta 28,000, na kina chake hakipandi wala kushuka sana kwa mwaka, kwa kuwa meli za mizigo zinapita humo. Maji yasiyoyumba juu ya sakafu pana isiyo na kina ni shamba la magugu. Mawili ndiyo yanayotawala, haidrila na milifoili. Kuanzia majira ya kuchipua yanapanda kutoka chini, na kufikia Agosti yamefika juu, yanakosa pa kwenda, yanalala. Hapo ndipo unapata mkeka.

Kwa juu mkeka huo unaonekana kama zulia chafu la kijani. Kwa chini ni chumba. Mashina yamesimama kama nguzo, jua haliingii, na katikati ya nguzo besi anapita kwa raha. Samaki wadogo wanaoitwa blugili wanafyonza wadudu walioshikilia dari, na ukizima injini ukakaa kimya utawasikia: tap, tap-tap, kama bisi zinazoanza kulipuka kwenye sufuria yenye mfuniko. Sauti hiyo ndiyo inayonifanya nisimamishe mashua. Mkeka ulio kimya mara nyingi hauna mtu. Tafuta pia matundu meusi yenye ukubwa wa sahani katikati ya zulia. Mengi ni mahali besi alipopasua dari ili aume kitu.

Samaki aliye chini hamwoni chura kama tunavyomwona. Anaona mkeka ukibonyea, kivuli kikisogea, nyuzi mbili za miguu zikining'inia kwenye tundu. Huenda anadhani ni blugili, panya, au kifaranga cha ndege. Analenga mahali dari inapotikisika. Hivyo anakosa mara nyingi bila kosa la mtu yeyote, na mvuvi anayehesabu kila mpasuko kuwa samaki aliyepotea kwa uzembe anajilaumu bila sababu.

Msimu nao una sheria yake. Chura ni wa maji ya uvuguvugu, kuanzia kama nyuzi 18 za Selsiasi kwenda juu, na ubora wake hasa ni mwisho wa kiangazi hadi vuli, mkeka unapoanza kuoza na kugeuka kahawia. Mashindano makubwa ya besi ya Bassmaster Classic yalifanyika Guntersville Februari 2014 na Machi 2020. Hiyo ni miezi ambayo magugu bado yako chini na maji yanauma mikono. Anayesoma kuhusu mashindano hayo na kukimbilia dukani kununua vyura atavunjika moyo.

Dukani: anza na vidole

Mchukue chura kwenye pakiti kama wauzaji wanakuruhusu. Mbane katikati kwa kidole gumba na cha shahada, pale ncha zinapolala, kwa nguvu unayotumia kukagua embe. Ncha zikichomoza kwa mbano huo, mnunue. Ukilazimika kukaza, mrudishe, hata kama rangi yake imekuvutia. Sizungumzii kampuni fulani. Hata ndani ya aina moja, rangi mbili tofauti zinaweza kutofautiana ulaini, kwa hiyo vidole ni mashahidi bora kuliko jina.

Halafu mtazame kwa nyuma, usawa wa macho. Ncha mbili zilingane urefu na ziwe zimelala sambamba na mgongo. Ncha moja iliyopanda juu kuliko nyingine itakuwa ikizoa majani siku nzima. Ndoano yenyewe iwe nene. Uzi utakaotumia hauvutiki, na ndoano nyembamba hufunguka samaki mkubwa anapoingia kwenye nguzo za magugu.

Pua ndiyo inayoamua utavua wapi. Pua iliyochongoka kama mtumbwi hupanda juu ya majani na kuteleza, na kwenye maji wazi huyumba kushoto na kulia ukiitikisa fimbo kwa mapigo mafupi yenye uzi uliolegea. Pua iliyochongwa kama kikombe hutema maji na kutoa mlio, inafaa kwenye ukingo wa magugu au katikati ya yungiyungi zilizoachana, lakini ukiipeleka juu ya mkeka mzito kile kikombe kinakuwa koleo la kuzolea uchafu. Mwenye pesa ya chura mmoja tu anunue mwenye pua ya kuchongoka. Aliye na pesa ya wawili aongeze mwenye kikombe.

Ukubwa unaojulikana zaidi ni wa kama inchi 2.5 na uzito wa aunsi 5/8, sawa na gramu 17 na ushee. Mfano mzuri ni Spro Bronzeye 65, chura aliyebuniwa pamoja na Dean Rojas, mvuvi wa mashindano kutoka Arizona aliyeufanya uvuvi wa chura kuwa fani. Kuna wadogo, kama gramu 14, kwa samaki wanaosita au wenye midomo midogo. Mdogo hunasa kwa urahisi kwa kuwa anaingia wote mdomoni, ila harushiki mbali, na mkeka mnene haubonyezi vya kutosha kwa samaki aliye chini kumhisi.

Rangi? Tumbo tu ndilo linaloonekana. Nina mweusi kwa mkeka mzito na siku za mawingu, mweupe kwa maji wazi, na kalamu ya wino usiofutika ya kuchora koo la njano pale blugili wanapokuwa wengi. Sijawahi kuona samaki akikataa chura kwa sababu ya madoadoa ya mgongoni, na wauzaji wanajua wazi kwamba mgongo unachorwa kwa ajili ya mnunuzi.

Usimchanganye huyu na yule chura wa plastiki asiye na uwazi, mwenye miguu inayopiga maji. Yule anazama ukiacha kumvuta na anahitaji ndoano tofauti kabisa. Ni chambo kizuri, lakini hesabu zake ni nyingine.

Mezani: kulainisha, kukunja, kukata

Kulainisha ndiyo rekebisho la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu gharama yake upande wa majani ni ndogo. Chemsha maji, yaepue motoni, tumbukiza chura kwa dakika moja au mbili, mtoe, mbane mara nyingi akiwa bado wa moto kama unayekanda unga wa chapati, kisha muache apoe akiwa amekaa katika umbo lake. Usimwache juu ya moto. Plastiki ikizidi joto mwili unajikunja, na chura aliyepinda hatembei sawa tena. Baada ya mara mbili hivi, yule aliyekuwa mgumu hubonyea kama puto lililopungua upepo.

Kisha ndoano. Kwa koleo dogo, shika kila ncha peke yake na uisogeze nje, mbali na mwili, kwa kiasi ambacho jicho linakitambua kwa shida. Unene wa kadi ya simu unatosha. Faida yake ni kwamba ncha haziwi tena nyuma ya ukuta wa mgongo; mdomo unapofunga kutoka pembeni unazikuta. Hasara ni majani, na pia chuma: ndoano ngumu iliyokunjwa mara kadhaa huanza kuchoka pale pale ilipokunjwa. Kunja mara moja, usirudie. Mimi hukunja za vyura wa maji wazi na yungiyungi, na sizigusi za mkeka mnene. Huko tayari nina uchafu wa kutosha.

Jaribio langu ni hili: natandaza taulo juu ya meza na kumburuta chura juu yake kwa uzi. Taulo likishikwa, nimezidisha.

Miguu ndiyo watu hukata kwa haraka na kujuta. Zile nyuzi za silikoni zinafanya kazi tatu: zinapiga breki majini, zinaleta uhai chura anaposimama, na zinampa samaki kitu cha kushika. Breki ndiyo inayosahaulika. Miguu mirefu iliyolowa inamvuta chura nyuma, hivyo pua haigeuki upesi, na ukimtikisa anakwenda mbele badala ya kuyumba mahali pamoja. Kwenye maji wazi unataka ayumbe sana na asogee kidogo, kwa hiyo kata, lakini mloweshe kwanza, kwa sababu miguu mikavu hutanuka na kukudanganya urefu. Anza na nusu inchi. Mjaribu kwenye beseni au bafu. Kama bado ni mzito kugeuka, ongeza nusu nyingine.

Sababu ya pili ya kukata ni samaki wanaouma nyuma. Ukiona chura anarudi na nyuzi zimepungua, au amevutwa chini kidogo kisha akaachiliwa, samaki anashika miguu wala hagusi mwili. Fupisha, ili kilichobaki cha kushika kiwe mahali ndoano ilipo. Juu ya mkeka, kinyume chake: iache mirefu. Ile inayozama kwenye matundu ndiyo inayotangaza kwamba kuna kitu juu. Wapo wanaokata mguu mmoja mfupi kuliko mwingine ili chura ageuke zaidi. Nimejaribu, na tofauti niliyoiona ni ndogo kuliko ile ya mkono uliojifunza kulegeza uzi kati ya pigo na pigo.

Maji tumboni, na mtego wa kuziba kila kitu

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na ndipo nataka tukae kidogo.

Kila chura wa aina hii huingiza maji. Yanapita puani, pale shina la ndoano linapotokea, na kwenye matundu ya miguu. Baada ya mitupo kumi na tano au ishirini mkia unakuwa mzito, pua inaelekea mawinguni, na mwisho anaelea kama chupa iliyojaa nusu. Unambana, anakukojolea mkononi, unaendelea. Inachosha, hasa samaki wanapokuwa wanapasua kila upande.

Nilichofanya mwaka wa pili kilionekana cha busara. Nilichukua gundi ya silikoni, ile ya kuzibia masinki, nikaziba pua, nikaziba miguu, nikaziba hata kile kitundu cha chini karibu na chubwi. Akakauka siku nzima. Ziwani alielea vizuri ajabu, hakuingiza tone. Na samaki wakaanza kumkosa tena, mmoja baada ya mwingine, pamoja na kwamba nilikuwa nimemchemsha mpaka akawa laini kama sikio.

Ilinichukua muda kuona sababu. Nilimbana mkononi na akanirudishia kidole kama mpira wa watoto. Tumbo tupu lina hewa, na ili tumbo libonyee hewa hiyo lazima itoke mahali fulani. Nilikuwa nimefunga milango yote. Kulainisha ngozi hakusaidii kitu kama hewa iliyo ndani imekuwa ukuta wa pili.

Kwa hiyo ziba pua tu, kwa ukanda mwembamba kuzunguka shina, kwa sababu huko ndiko maji yanaposukumwa ndani kila unapovuta. Acha kitundu cha chini wazi; kikiwa kimeziba kutoka kiwandani, kifungue kwa sindano nene iliyopashwa moto. Maji yatakayoingia hapo ni kidogo, na hewa itapata njia samaki anapouma. Wengine hujaza tumbo vipande vya sponji, zile za kuzibia masikio, ili maji yakose nafasi. Inafaa kwa kipande kimoja kidogo upande wa mbele. Ukijaza tumbo zima umetengeneza chura asiye na uwazi, na uwazi ndio uliomnunulia.

Kitundu hichohicho kina matumizi mengine. Kwenye mkeka mzito wa Oktoba, chura wa gramu 17 anaweza kupita juu bila samaki kujua. Ingiza marisau matatu au manne ya chuma, madogo kuliko punje ya pilipili manga. Yatakaa nyuma, yatagongana na kutoa mlio, na uzito utaubonyeza mkeka. Kisha mweke kwenye beseni la maji: akae tumbo chini, mkia umezama kidogo, pua juu ya maji. Akipinduka au akizama hadi mabegani, toa punje moja. Chura mwenye marisau ni wa mkeka peke yake. Juu ya maji wazi atakuwa mzito na mvivu.

Kwa maji wazi kabisa, yasiyo na kijani chochote, unaweza kuongeza ndoano ndogo ya tatu mkiani. Sifanyi hivyo tena. Kama hakuna majani, kuna chambo nyingi za juu ya maji zenye ndoano wazi zitakazonasa vizuri kuliko chura mwenye mkia wa chuma.

Nusu nyingine iko mikononi

Chura aliyerekebishwa vizuri akiwa kwenye uzi wa nailoni bado atakuangusha. Nailoni inavutika, na nguvu unayoipiga kwenye mita ishirini inafika kwa samaki ikiwa imechoka. Tumia uzi wa kusokotwa wenye uwezo wa kuhimili pauni 50 hadi 65. Hauvutiki, na ukikazwa unakata mashina ya magugu kama waya unavyokata sabuni. Ufunge kwa fundo la Palomar, ambalo ni rahisi na halitelezi. Fimbo iwe ya futi 7 hadi 7 na nusu, nzito, lakini ncha yake ikubali kupinda kidogo, la sivyo huwezi kumyumbisha chura wala kumtupa kwa usahihi. Rili, kile kifaa cha kukusanyia uzi, iwe ya haraka, inayozungusha mara saba au nane kwa kila mzunguko wa mkono, kwa sababu kati ya mpasuko na pigo, yaani ule mvuto wa fimbo wa kumnasa samaki, kuna uzi mwingi uliolegea wa kukusanya.

Na kungoja. Mwaka uleule wa pili nilikuwa mashuani na rafiki yangu wa Mwanza, mtu aliyekua akivua sato kwa mshipi wa mkono na asiyekuwa na haja ya kuonyesha chochote. Mkeka ulipasuka, chura akatoweka, nami nikaanza kunyanyua fimbo. Akanishika kiwiko. "Ngoja kwanza, kaka. Hajageuka bado." Nikashusha ncha ya fimbo kuelekea majini, nikakusanya uzi, na ndipo nikasikia uzito, uzito ulio hai unaoondoka polepole. "Sasa," akasema.

Alikuwa besi wa pauni tano hivi, aliyekuja juu amefungwa kilemba cha milifoili. Nilipomfungua mdomo niliona kile nilichokuwa nikikitafuta tangu siku ya meza ya jikoni: chura amelala bapa kama soksi, tumbo limekutana na mgongo, na ncha zote mbili zimeingia kwenye paa la mdomo, moja kila upande. Alirudi majini akiwa mzima.

Sababu ya kungoja ni ya kimwili. Besi humeza kwa kufyonza: anafungua mdomo ghafla, maji yanaingia na windo pamoja nayo. Chini ya mkeka anafyonza majani pia, na chura mara nyingi anafika mdomoni akiwa mbele, katikati ya uchafu. Samaki anapofunga mdomo na kugeuka kurudi chini, uchafu unatoka kwenye matamvua na chura anabanwa. Ukipiga unapoona maji yakiruka, unamtoa chura kabla hajabanwa. Sheria ya vitendo ni kutopiga kwa macho. Piga kwa mkono, unapohisi uzito. Kwenye maji wazi muda huo ni mfupi sana, pengine hata kusema "ndiyo" ni kuchelewa. Kwenye mkeka unaweza kuvuta pumzi nzima.

Na akikosa, usimtoe chura. Mwache palepale kwenye tundu alilolipasua, mtikise bila kumsogeza. Wengi hurudi.

Kwa walio karibu na Naivasha

Huhitaji kuja Alabama. Besi mdomo-mkubwa aliletwa ziwa Naivasha, Kenya, kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na wajukuu zake wangalipo kwenye kingo za mafunjo. Kamba wekundu wa Louisiana, walioletwa mwaka 1970, wamekuwa chakula chake kikubwa, jambo ambalo ni sababu nzuri ya kuwa na chura wa kahawia yenye wekundu tumboni.

Mkeka wa Naivasha si wa haidrila, na hapa ushauri wangu unabadilika. Gugu maji lina majani yaliyosimama wima na vikonyo vilivyovimba. Chura hatelezi juu yake, anaangukia katikati na kukwama kati ya shina na shina. Achana na katikati. Vua ukingo, pale maji wazi yanapokutana na gugu maji au mafunjo, na kwenye vichochoro ambavyo upepo umevifungua kati ya visiwa vinavyoelea. Huko chura mwenye pua ya kikombe, miguu iliyofupishwa na ndoano zilizopanuliwa kidogo ndiye anayefaa zaidi, kwa sababu anafanya kazi majini zaidi kuliko juu ya majani. Aliyejazwa marisau mwache nyumbani. Yule laini mwenye umbo la mtumbwi ana kazi mahali salvinia, lile gugu dogo lenye majani ya manyoya, limetanda kama zulia bapa; hapo anateleza vilevile kama Guntersville.

Ukimpata, usimhamishie kwenye bwawa la shamba lako wala mto wa jirani. Samaki mdogo wa asili wa ziwa lile hajaonekana tangu mwaka 1962, na besi anatajwa miongoni mwa sababu. Akishafika mahali haondoki.

Na usivue kwa kusimama majini, wala usisogeze mashua kwenye mafunjo alfajiri bila mtu anayelijua ziwa. Viboko hupumzika kwenye kivuli kilekile ambacho besi anakipenda, na gugu maji linalotikisika bila upepo halimaanishi samaki. Zima injini mbali, ngoja mpaka uone pua au masikio, kisha chagua ukingo mwingine.